Jina Ndani ya Kola

Nekesa ndiye mtu pekee katika mtaa wetu wa Huruma, hapa Eldoret, anayeniita Muthoni. Kwa wengine wote mimi ni Mama Mungai. Mungai mwenyewe ana ndevu sasa na anaishi Nakuru, lakini mtu akitaka kiberiti dukani kwangu lazima aanze na jina la mwanangu. Siku Nekesa alipohamia chumba cha pembeni na cherehani yake, aliniuliza jina. Nikamwambia Mama Mungai. Akasema hilo ni la Mungai, yeye anauliza langu. Nilikasirika, maana mimi hukasirika upesi, halafu nikamwambia. Tangu hapo tumekuwa marafiki, ingawa nimegombana naye zaidi ya nilivyowahi kugombana na mume wangu.

Ni fundi wa nguo za akina mama. Akikupima atapima mkono wa kulia na wa kushoto kila mmoja peke yake, kwa sababu anasema mikono ya binadamu hailingani. Ukimwambia akushonee gauni kama la fulani, anaudhika na kukuuliza kama una mwili wa fulani. Akiona mshono uliopinda kwenye nguo yako, hata kama hakuushona yeye, anaufumua hapo hapo ukiwa umesimama. Mara moja alinifumulia mkono wa blauzi nikiwa na wateja, nikauza nusu mkate bega likiwa nje.

Kitu kimoja alichokataa kabisa kushona ni sare. Shule zilimletea kazi ya sketi na sweta, kazi ambayo mafundi wa Eldoret huipigania kila Januari ikikaribia, naye akawarudisha walimu kwa heshima. Kikundi chetu cha akina mama, Tujengane, kilipovaa sare, yeye alikuja na gauni lake mwenyewe la maua makubwa, akakaa katikati yetu bila wasiwasi. Nilimwita kichwa maji. Ndipo aliponieleza.

Alikulia Moi's Bridge, baba yake akiwa kibarua kwenye shamba kubwa la mahindi. Dada yake Nabwire alipoingia shule, mama yao alishona jina lake kwa uzi mwekundu ndani ya kola ya sweta, isije ikapotea. Sweta ilipomkaza Nabwire ikamwendea Nekesa, jina likiwa pale pale. Mwalimu mpya aliokota sweta uwanjani, akasoma kola, akamwita Nekesa kwa jina hilo la Nabwire, na kuanzia siku hiyo shule nzima ikafuata. Mwaka alioshinda zawadi ya kusoma, mwalimu mkuu alitangaza Nabwire, na dada yake, aliyekuwa darasa la mbele, akainuka akaenda kuichukua. Nekesa alinisimulia akicheka, na mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Baadaye nikaona kwamba mguu wake ulikuwa umeacha kukanyaga cherehani. Hakuwa na sababu nyingine ya kuchukia sare, na kwa kweli hakuhitaji nyingine.

Sasa nije kwenye kompyuta, maana hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Kanisani kwetu kuna kijana mmoja mpole anayeitwa Ephantus, ambaye kila Jumamosi hufundisha kompyuta kwenye ukumbi. Nekesa alikwenda kujifunza ili aweke picha za magauni yake mtandaoni, akarudi amependa kazi yenyewe kuliko picha. Alinunua laptopu ya mtumba, akawa anaiweka juu ya friji yangu ya soda kwa sababu kwangu kuna moto wa kuchaji na mtandao. Akanieleza kwamba kutengeneza ukurasa ni ushonaji mtupu. Kwanza unaandika mwili: kichwa hiki, picha hii, maneno haya. Halafu kwenye faili nyingine unaandika mavazi: rangi, ukubwa wa herufi, upana wa mpaka.

Ephantus aliwafundisha kwamba kuna njia mbili kuu za kuuambia ukurasa nani avae nini. Unaweza kukipa kitu ID, nayo ni kama kitambulisho cha mtu: chako ni chako, hata pacha wako hawezi kuwa nacho. Au unaweza kukipa klasi, ambayo vitu vingi hushiriki kwa pamoja. Akawashauri mavazi wayaandike kwa klasi, na ID waitumie pale tu panapohitaji kitu kimoja kisicho na mwenzake. Kisha, maskini, akatoa mfano. Akasema klasi ni kama sare. Nekesa aliposikia neno hilo masikio yake yalijifunga, na kilichofuata hakukisikia.

Mwezi uliofuata Tujengane ilimwomba atutengenezee ukurasa wa kuonyesha kila mwanachama na biashara yake. Alitupima mmoja mmoja kama anavyopima magauni. Brigid wa chapati alitaka rangi ya machungwa na pembe za mviringo. Wangeci, ambaye ndiye fundi wetu wa sare, alitaka waridi. Mwenyekiti wetu Mildred, anayeuza mahindi kwa gunia na kutoa amri kwa gunia vilevile, alitaka jina lake kwa herufi za kijani kibichi. Nekesa alimpa kila mama ID yake na kumvisha kwa ID hiyo, na hakuandika jina la mtoto wa mtu yeyote. Mama Sifuna, ambaye nimemuuzia majani ya chai miaka na miaka, nilisoma kwenye ukurasa huo kwamba anaitwa Musimbi. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, aliandika: Umetengenezwa na Nekesa. Nilimkamata mara kadhaa akiufungua ukurasa na kushuka moja kwa moja hadi mstari huo.

Akina mama walifurahi sana. Mimi nilimwambia ukurasa unafanana na mitumba iliyomwagwa chini siku ya soko. Alicheka, akaniambia nirudi kwa mikate yangu.

Kisha Mildred akaleta jora la kitenge. Sherehe ya akina mama kanisani ilikuwa inakaribia, wageni wangetoka makanisa mengine, hata ya Kapseret, na kikundi kingevaa sare mpya ya kijani. Wangeci alishona zote isipokuwa ya Nekesa. Hilo lilikuwa desturi, hakuna aliyeuliza. Lakini Mildred alitaka na ukurasa uwe wa kijani, kila mama sawa na mwenzake, ili baada ya ibada uonyeshwe ukutani. Alikuja dukani kulisema mbele yangu.

"Mama Diana, hii si vita," alimwambia Nekesa, kwa jina la bintiye. "Lakini nikisimama mbele ya wageni sitaki page iniaibishe. Kama imekushinda sema mapema, tupee watu wa town waendelee nayo."

Nekesa akasema haijamshinda. Mildred alipoondoka, Nekesa akaufungua ukurasa na kushuka hadi chini kabisa. Watu wa mjini wangeuchukua ukurasa wangeufuta wote na kuanza upya, na ule mstari wa chini ungekuwa wa kwanza kwenda. Alijua, na mimi nilijua.

Alipiga moyo konde, akaandika klasi. Akaiita tujengane, akaipa rangi ya kijani, akambandikia kila mama. Akafungua ukurasa. Brigid alikuwa wa machungwa vilevile na Wangeci waridi vilevile. Akaufungua tena. Akazima laptopu akaiwasha. Akasema ni uzee wa mashine, halafu akasema ni mtandao wangu, na hapo tukagombana kwa sababu mtandao wangu haujamkosea mtu. Siku nzima akina mama kwenye ukurasa walikataa kuvua nguo zao, kwa ukaidi kama wa aliyewashonea.

Mwishowe akapata ujanja kwenye video. Kuna neno unaloweza kuongeza mwishoni mwa amri, lenye alama ya mshangao, linaloulazimisha ukurasa kutii hata kama umeambiwa mengine. Akaliongeza, na ukurasa wote ukawa kijani. Aliruka, akanikumbatia, akampigia Mildred simu aje kuona. Jumamosi asubuhi, sherehe ikiwa kesho yake, Mildred akaja na Brigid wakainama juu ya friji yangu.

Mildred alishuka na ukurasa taratibu, akapanda tena, akashuka. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo kwake ni mbaya kuliko ya juu, "Na mimi niko wapi?"

Hakuwepo. Ujanja ule ulikuwa umelazimisha rangi ya nyuma peke yake, na herufi zake za kijani bado zilifuata ID yake. Kijani juu ya kijani. Mwenyekiti mzima alikuwa amezama kwenye majani, ikabaki picha tu ya mwanamke asiye na jina. Brigid alicheka mpaka akashikilia kaunta. Mimi niligeuka nikapanga sabuni ambazo zilikuwa zimepangwa. Mildred hakucheka. Alisema, "Kesho ni kesho," akatoka.

Nekesa aliketi kwenye kreti ya soda, akasema basi, wapeni watu wa mjini. Nikamwambia aende kwa Ephantus. Akasema Ephantus atamwambia habari ya sare. Hapo subira yangu, ambayo si nyingi, ikaisha.

"Kuuliza si ujinga," nilimwambia. "Ujinga ni kukaa kwa kreti yangu ukilia na mwenye kujua ako hapo kanisani anapanga viti. Inuka."

Nilifunga duka. Jumamosi, mwisho wa mwezi, nikafunga duka, naye alipoona nageuza kufuli akaelewa kwamba sitanii. Nilimbebea mwenyewe laptopu mpaka ukumbini.

Ephantus alisoma faili yote bila kucheka, nami nikampenda kwa hilo. Akaeleza kwamba ukurasa haukuwa umeharibika, ulikuwa unatii sana. ID ina nguvu kuliko klasi. Amri mbili zikigongana, ukurasa unaisikiliza ile iliyomwita mtu kwa kitambulisho chake, hata ukibandika klasi juu ya klasi.

"Mwenyekiti akisema akina mama wote wavae kijani," alituuliza, "halafu mtu mwingine aseme, Brigid, wewe vaa machungwa, Brigid atavaa gani?"

Nikajibu machungwa, maana namjua Brigid.

Akaendelea kwamba lile neno la kulazimisha ni kupiga kelele. Linafaa mara moja, lakini kesho ukitaka kubadilisha kitu itabidi upige kelele zaidi ya kelele yako mwenyewe. Dawa ni kuondoa mavazi yote kwenye ID na kuyaandika mara moja tu, kwenye klasi.

Nekesa alikuwa ameinama. Aliuliza polepole, "Na majina yao? Nifute?"

"Hapana, mama. Usifute ID hata moja." Akagusa orodha ya majina juu ya ukurasa. "Mtu akibonyeza Musimbi hapa, ukurasa unamtafuta Musimbi kwa ID yake, unampeleka mpaka kwake, sio kwa mwingine. Klasi haiwezi hiyo kazi. Rangi ndiyo inahama. Jina linabaki ndani."

Nekesa akapeleka mkono nyuma ya shingo yake, akaishika kola ya gauni lake la maua.

Mchana ule mvua ilinyesha juu ya mabati ya ukumbi mpaka hatukusikiana, na Nekesa akafanya kazi. Alimpitia kila mama, akafuta mavazi yaliyofungwa kwenye ID yake na kuiacha ID yenyewe ikae. Alikuwa akisema nao kama watu waliosimama mbele yake: Brigid, vua. Wangeci, vua mwanangu. Kwa Mildred aliomba radhi kwanza. Kisha akaandika klasi moja ya kijani yenye herufi nyeupe. Kwa wanaouza chakula akaongeza klasi ya pili yenye mpaka wa njano, maana Ephantus alimwambia kitu kimoja kinaruhusiwa kuwa na klasi mbili, kama Brigid anavyovaa sare na aproni juu yake. Akafungua ukurasa.

Walikuwa kijani wote, na kila mmoja alisomeka. Akabadilisha neno moja tu kwenye faili, wote wakawa njano. Akaandika jingine, wakawa bluu, kisha wekundu. Alicheka kama mtoto aliyepata swichi ya taa. Nikamwambia awaache akina mama wa watu, warudishe nguo zao. Ephantus alikuwa anacheka sasa, nami pia, na chai niliyoileta ilikuwa imepoa.

Tukitoka Nekesa alipitia kwa Wangeci akaomba kipande kilichobaki cha jora. Hakuniambia cha nini, na kwa mara moja maishani sikuuliza.

Jumapili alifika kanisani kabla yetu, amevaa kijani. Tulimwona mlangoni, na Brigid akaligusa gauni kwanza kuhakikisha. Mkononi alikuwa na sindano na kibunda cha uzi mwekundu, na kabla wageni hawajafika alitupanga foleni kama watoto wa chanjo. Kila mama aliinamisha shingo, naye akamshonea jina ndani ya kola. Jina lake, si la mtoto. Wengine walinung'unika kwamba kilemba kitaharibika, lakini hakuna aliyetoka kwenye foleni. Musimbi alipomaliza kushonewa alimwomba Wangeci amsomee, halafu akamwomba amsomee tena. Ilipofika zamu yangu nilihisi uzi ukipita kwenye kitambaa na vidole vyake vya baridi, na nikajikuta nimesimama wima kama askari.

Baada ya ibada ukurasa ukawekwa ukutani, mkubwa, kijani chetu kikilingana na kijani tulichovaa. Mildred alishika maikrofoni akawaonyesha wageni. Akabonyeza jina la Brigid, ukurasa ukaruka hadi kwa Brigid. Akabonyeza lake, ukampata, safari hii akiwa na jina, na nadhani alipumua. Mama mmoja mgeni kutoka Kapseret, mwenye ng'ombe wa maziwa, akauliza ni nani aliyewatengenezea, maana kikundi chao nacho kingetaka.

"Huyu hapa, Mama Diana," alisema Mildred. Kisha akasita, akatazama ukutani mstari ule wa chini, akarekebisha. "Nekesa. Anaitwa Nekesa. Na page inabaki kwa mkono wake."

Makofi yalipigwa. Nekesa alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilimkuta baadaye nyuma ya ukumbi akisugua sufuria ya pilau kwa majivu, mikono ya gauni imekunjwa, shingo imeinama. Kola yake ilikuwa imegeuka kidogo, nikaona ndani yake hamna kitu. Nikamuuliza mbona yeye hana. Akasema fundi hawezi kujishonea shingoni akiwa amevaa, na asubuhi hakukuwa na wakati. Alisema haraka haraka, kama mtu asiyetaka uulize zaidi.

Nikachukua sindano. Mimi maishani mwangu sijashona kitu zaidi ya mdomo wa gunia. Nikamwambia atulie, akatulia, sufuria ikiwa bado mapajani. Nilimdunga mara moja, nikamdunga tena. Uzi ukajifunga fundo nikaukata na meno.

"Muthoni," alisema bila kugeuka, "usiandike Mama Diana."

"Nyamaza," nikamwambia. "Nimefika K."

Nilipomaliza alikausha mkono kwenye kijani chake kipya, akaupeleka nyuma, akalipapasa jina kwa kidole herufi baada ya herufi. Machozi yakamdondokea kwenye sufuria safi, ikabidi tuisuuze tena.

Ni mshono mbaya sana. N imelala, S inaelekea upande usiofaa, na A ya mwisho ilikosa nafasi ikapanda juu ya mwenzake. Mtu anayefumua nguo za watu barabarani amelivaa gauni hilo Jumapili baada ya Jumapili, amelifua na kulipiga pasi, na mshono wangu hajaugusa.